Jamvi Chini ya Gari ya Maalim

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, mtaa wa Vuga, hapa Unguja mjini, na mimi nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza shingo. Nilikuwa nakwenda kununua gari. Si gari mpya, gari mpya zama zile zilikuwa za wakubwa wa serikali na wenye mashamba. Hii ilikuwa gari ndogo ya milango minne, nyeusi, imeshatumika miaka kadhaa, ya kupakia watu wa nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa forodhani, na kichwa kimenivimba kweli kweli.

Nakupa habari hii kwa sababu jana ulikuja hapa ukaniambia umepata gari kwa mkweo, Mwanakwerekwe, na nilipokuuliza nani kaikagua ukacheka. Ukasema, "Babu, ntamkaguaje mkwe wangu? Naona muhali, haya zinanishika." Nikakubadilishia mazungumzo. Usidhani nilikuridhia. Leo nshajikaza, basi kaa hapo usikilize, na hiyo simu izime.

Gari ile sikuitaka kwa kujionesha, ingawa kujionesha kulikuwamo, sitakudanganya. Niliitaka kwa ajili ya dada yangu, Mize. Mimi kwetu ni Uroa, mama yangu alikuwa huko, na nilipokuwa na miaka saba nililetwa mjini kwa Mize ili nisome. Mize alikuwa kaolewa Kajificheni, halafu mumewe akafa, akabaki na mimi. Alipika vitumbua alfajiri kwa alfajiri mpaka nikamaliza skuli. Huyo ndiye mama yangu wa pili, na siku nyengine nikimfikiria naona ndiye wa kwanza.

Sasa Mize alipata matende. Mguu wa kushoto ulivimba, ukawa mzito, hauingii kiatu, na gari za shamba za wakati ule, za kupakia abiria, zilikuwa za mbao, ngazi yake iko juu. Alijaribu mara moja kupanda pale Darajani. Utingo akamvuta mkono, mtu mwengine akamsukuma kwa nyuma, na watu ndani ya gari wakacheka. Mize akateremka, akajifunika buibui lake vizuri, akarudi nyumbani kwa miguu akipumzika kila baraza. Tangu siku hiyo hakwenda tena Uroa. Miaka saba, mwanangu. Na mama huko macho yalishakwisha, hawezi kuja mjini. Wakawa wanapelekeana salamu kwa wachuuzi wa samaki.

"Masoud," alikuwa akiniambia, "nataka nimshike mama mikono tu, basi. Halafu hata nikifa sidai kitu."

Nikimkaripia asitaje kufa. Hicho ndicho kilichonipeleka Vuga siku ile.

Mwenye gari alikuwa Maalim Abdalla. Huyu ndiye aliyenisomesha Kurani. Wewe hujui maalim wa chuoni alikuwa nani kwa watu wa rika langu. Alinishika mkono nikaandika alifu yangu ya kwanza, na alinichapa nilipokosea, na nilipokhitimu alilia machozi. Hakusomesha kwa kutafuta riziki, alikuwa na mashamba ya kurithi na nyumba nyengine huko kwetu Uroa, karibu na maji. Akipita njiani, sisi tuliosoma kwake tulikuwa tunasimama, watu wazima na ndevu zetu. Niliposikia anaiuza gari yake niliona nimeshushiwa rehema. Nani atauziwa gari na mtu kama yule kisha aulize maswali?

Lakini ishara zilikuwapo. Lo! Zilikuwapo, na mimi nilizitazama kwa macho haya haya.

Ya kwanza, miezi miwili kabla ya hapo nilimkuta Maalim pale Darajani anangoja gari ya shamba, na kikapu chake mkononi, mtu ambaye gari yake imelala nje ya nyumba, imefunikwa turubai. Nikambusu mkono, nikamwambia, "Shikamoo Maalim. Leo umeiacha gari?"

"Marahaba. Naona bora nichanganyike na watu," akasema, akatazama pembeni.

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda nikawasifia wenzangu kazini, tazameni mtu mkubwa anavyojishusha. Mjinga mimi. Mtu mwenye gari kaacha kuipanda, na mimi nasifu unyenyekevu.

Ya pili, harufu. Siku ya kuiona mara ya kwanza nilifungua mlango, ndani inanukia udi, mashallah. Lakini chini ya ule udi mlikuwa na harufu ya samaki, ile ya papa mkavu inayokaa kwenye kitambaa haitoki. Maana wanawe Maalim, kule Uroa, maji ya bahari yakitoka walikuwa wakiiteremsha gari mpaka kwenye mchanga wa pwani wakapakie samaki. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijiambia tu kwamba mtu wa pwani gari yake lazima inuke pwani. Juu imesuguliwa mpaka unajiona uso, na mimi nilijitazama uso.

Hata hivyo sikuwa mpumbavu wa kupindukia. Nilikwenda Ng'ambo nikamchukua Fundi Makame, Mtumbatu, mtu mfupi, mkavu, hacheki ovyo. Alikuja na baiskeli yake, na nyuma ya baiskeli kafunga jamvi. Jamvi kuukuu la ukili, limejaa madoa ya girisi. Hilo ndilo alilokuwa akilitandika chini ya gari, akalala chali, akatazama.

"Mimi gari naanzia chini," aliniambia njiani. "Juu hata mke wangu anajua kutazama."

Tulipokelewa kwa heshima. Kahawa, halua, ubani. Maalim kakaa barazani na tasbihi yake, na mimi nimekaa chini yake kidogo kama nilivyokuwa nikikaa chuoni. Bei tulishasikilizana. Fundi hakunywa kahawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akalifungua jamvi lake, akalikung'uta, akalitandika pale njiani mbele ya watu, akavua kofia.

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Jirani mmoja alikuwa dirishani. Watoto wa chuo walikuwa wamesimama. Na mimi, Masoud, nimemleta fundi mchafu alale chini ya gari ya maalim wangu kutafuta uongo wake. Nikamtazama Maalim, nikaona kainamisha macho na tasbihi imesimama mkononi. Nikasema moyoni, nshamuudhi.

Nikaruka pale barazani. Nikamshika Fundi bega, "Acha, acha. Kunja jamvi lako."

Fundi alikuwa kashapiga magoti. Akaninyanyulia uso. "Bwana Masoud, mimi nakagua gari. Maalim simkagui."

"Nimesema kunja. Huyu ni maalim wangu."

Hapo Maalim akasema, kwa sauti ndogo, "Muache tu aangalie, mwanangu."

Sikiliza vizuri hapo. Alisema. Wallahi alisema, na alisema mara moja. Nami nikamgeukia nikacheka kile kicheko cha adabu, nikamwambia, "Haiwezekani, Maalim. Mimi umenifundisha alifu, leo nije nikuchungulie uvunguni?" Watu waliokuwapo wakafurahi. Yule jirani dirishani akasema, "Ndiyo mtoto aliyelelewa huyo." Maalim akarudi kuzungusha tasbihi yake. Fundi Makame akalikunja jamvi lake taratibu, akalifunga kwenye baiskeli, na nilipotaka kumpa haki yake akakataa. Akasema hakufanya kazi, hawezi kulipwa. Nikamwona mkaidi.

Tukasoma fatiha, nikapewa ufunguo, na nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Jumapili ya pili yake ndiyo tuliyokwenda Uroa. Nilimtangulizia mama habari kwa mchuuzi wa samaki: waambie tunakuja, mimi na Mize, kwa motokaa. Mize alikoga mapema, akajitia udi, akavaa kanga mpya ndani ya buibui. Kutoka kwetu Kajificheni mpaka njia ya gari alipumzika mara mbili, na kila akipumzika anacheka peke yake. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Alikaa, akaupandisha mguu wake juu ya kiti, akauwekea mto, akapumua.

"We Masoud," akasema, "kumbe hivi ndivyo wanavyokaa?"

"Ndivyo."

"Basi piga honi. Binti Mwaka atoke anione."

Nikapiga honi. Binti Mwaka, jirani yetu, akatoka na mwiko mkononi, akapiga vigelegele, na nusu ya mtaa ikatoka. Mize aliwapungia mkono kama bibi harusi. Nilimwona kwenye kioo. Uso ule mpaka leo nikifumba macho nauona.

Tulikwenda polepole. Kabla ya Mwera ng'ombe walikatisha njia, nikakanyaga breki, gari ikachelewa kidogo kusimama. Nikakanyaga tena ikasimama. Nilisikia mguuni kwamba kuna jambo, nakwambia ukweli, nilisikia. Nikajiambia gari kuukuu ndivyo zilivyo, zina deko. Tena nikaona vibaya kurudi. Ntamwambia nini Mize? Na ntamwambia nini Maalim, kwamba gari yake nimeishuku hata wiki mbili hazijesha? Nikatia gea nikaendelea.

"Polepole, Masoud," Mize akasema kule nyuma. "Mimi nimengoja miaka saba, saa moja hainishindi."

Kabla hujafika Dunga njia ilikuwa inateremka. Si mlima, Unguja hatuna milima ya kutaja, ni mteremko tu. Ilikuwa msimu wa karafuu. Kule chini, kando ya njia na nusu ya njia yenyewe, watu walikuwa wametandika majamvi ya karafuu juani, na wanawake na watoto wamekaa juu yake wanachambua. Nikakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini, hapana kitu. Nikakanyaga tena, hapana. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote mkononi kama haikufungwa na kitu. Nikapiga honi. Wakanyanyuka, wakakimbia, wanapiga kelele, lakini palikuwa na bibi mmoja mzee kakaa na mtoto mapajani na hakuweza kunyanyuka.

Nikakata usukani. Palikuwa na mfenesi.

Mimi nilivunjika mtulinga, mfupa huu hapa begani. Upande uliopiga mti ulikuwa upande wa Mize. Wale wanawake tuliokaribia kuwaua ndio waliomtoa, wakamlaza juu ya jamvi, katika karafuu, maana hapakuwa na pengine pa kumlaza. Nilikwenda nikakaa kichwani pake. Buibui limechanika, kanga mpya ile imelowa.

"Watu wamepona?" akaniuliza.

"Wamepona."

"Bibi yule?"

"Kapona, na mtoto kapona."

"Alhamdulillah." Akafumba macho, nikadhani ndiyo mwisho. Kisha akasema, "Mwambie mama nilikuwa njiani."

Basi. Hakusema tena. Ndiyo maana unaona pilau ya nyumba hii haitiwi karafuu, na kila mke wa mtoto akija hapa anaona ajabu, na mimi sielezi. Sasa wewe unajua.

Tulimpeleka Uroa kwa lori la mtu. Habari zilishatangulia. Mama alikuwa katandika mkeka mlangoni tangu alfajiri, na wali kaupika mwenyewe kwa kupapasa, kwa kuwa hakutaka mtu mwengine ampikie Mize. Walipomteremsha, mama aliuliza, "Kafika?" Akapapasa mpaka akaipata mikono ya Mize, akaishika yote miwili, akakaa nayo. "Kafika mwanangu," akasema. Sikuweza kusimama pale. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka mtulinga ukanifanya nipige kelele.

Fundi Makame aliposikia alitoka mjini kwa baiskeli mpaka kwenye ile gari, hakuitwa na mtu. Alitandika jamvi lake, akalala chini yake pale pale mfenesini. Kisha akaja Uroa matangani, akanitia mkononi kipande cha bomba la breki. Kutu tupu. Lilikuwa limetoboka zamani, na pale penye tundu pamezibwa kwa sabuni, pakazungushwa kitambaa, pakafungwa uzi wa kuvulia samaki. Nililibana kwa vidole viwili likavunjika. Fundi hakuniambia "nilikwambia." Alisoma hitma, akanywa kahawa yake safari hii, akapanda baiskeli. Laiti angenitukana.

Na Maalim alikuja. Alikuja kwa gari ya shamba. Yeye ndiye aliyemsalia Mize, na sauti yake ilikuwa haitoki. Siku ya tatu, baada ya hitma, akaniita pembeni, kwenye baraza ya msikiti. Alikuwa kazeeka katika siku tatu zile.

"Masoud," akasema, "lile bomba nilikuwa nalijua. Lilipasuka mara moja na mimi nimo ndani, hapa hapa Uroa, nikaingia kwenye fungu la mchanga. Mwanangu mmoja akalifunga. Tangu siku ile sikuipanda tena."

Akajifuta uso, akaendelea.

"Nilimwona fundi na jamvi lake nikafurahi. Nikasema, ataliona yeye, mimi sitahitaji kujiaibisha mbele ya watoto wa chuo. Ulipomzuia nilisema muache. Nilisema mara moja, Masoud. Nilipaswa kusema ya pili. Ulipokataa nikashukuru, nikasema Mungu kanisitiri." Akalia. "Sitara gani ile?"

Sasa hapa ndipo ninapojichukia, mwanangu, pengine kuliko pale barazani Vuga. Dada yangu yuko chini ya udongo wa siku tatu. Mtu anakiri mbele yangu. Nami moyo wangu unataka kumwambia, umeniulia Mize, mimi na wewe tumemuua Mize. Ungelikuwa ukweli, na nadhani yeye alikuja kuutafuta. Lakini nilifanya nini? Niliinama nikambusu mkono. Nikamwambia, "Ni kudra, Maalim. Usijisumbue." Muhali tena! Hata pale! Akaondoka na dhambi yake, nami nikabaki na yangu, na alikufa miaka miwili baadaye hatujawahi kulitaja jambo lile tena. Kila tulipokutana tuliulizana hali.

Watu wote walisema kudra. Kudra naikubali, mimi Muislamu. Lakini kudra haikunishika mkono nimkunjishe Fundi jamvi lake. Huo mkono ulikuwa wangu.

Basi ndiyo hayo. Sikwambii usinunue gari kuukuu. Kuukuu ndiyo tunayoiweza, na ziko nzima zimepakia watu miaka na miaka. Wala sisemi mkweo ni muongo, namjua, ni mtu mwema. Maalim naye alikuwa mtu mwema. Wema wa mtu haumo chini ya gari. Kule chini muna bomba na kutu na chumvi ya kisiwa hiki, na vitu hivyo havijui nani kasoma na nani kakuoza binti yake. Ukifika, muulize mkweo kaipanda lini mara ya mwisho, na akitazama pembeni usimsifu. Inuse. Ikinukia sana, jiulize wanaficha nini. Iendeshe mahali patupu, ukanyage breki kwa nguvu zako zote, na mguu ukikwambia jambo uusikilize mguu, rudi, hata kama mkeo ameshapiga picha ndani yake. Na fundi akitandika jamvi muache alale mpaka achoke, wewe shika kofia yake. Na ukiwa siku moja wewe ndiye muuzaji, sema. Usingoje kuulizwa. Usiposikilizwa sema tena, upaze sauti, jirani dirishani asikie.

Mkeo ana mimba ya miezi sita. Kiti cha nyuma ndiko utakakomkalisha. Hujalifikiria hilo? Nilikuona jana, hukulifikiria.

Kama bado unaona muhali, si kosa lako, ni malezi, nasi ndio tuliokulea hivyo. Basi kesho baada ya sala ya alfajiri nipitie hapa. Jamvi langu liko nyuma ya mlango. Ntakwenda na wewe mpaka Mwanakwerekwe, ntamsalimu mkweo, ntakunywa kahawa yake, halafu ntatandika njiani, nivue kofia, nilale chali mimi mwenyewe na mifupa hii. Atasema mzee kaanza kuwehuka. Mwache aseme. Wewe kazi yako itakuwa kuninyanyua tu.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe riziki ya halali na ulimi wa kusema mara ya pili. Kila utakayempakia, Mungu amfikishe, na wanaomngoja mlangoni wamshike mikono ikiwa na joto.